Kuhamisha mbao za kidijitali kwa mkupuo: dalili, chanzo na dawa

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ubao wangu wa viazi nimeuona umefika, ahsante. Ila mishale yote imekatika. Sasa maafisa ugani wangu watajuaje dawa inapigwa lini?"

Yeye ni mkufunzi, alikuwa Tukuyu. Mimi nilikuwa Mbeya mjini, Soweto, mbele ya skrini iliyokuwa imeniandikia kwamba mbao zote 186 zimehama bila hitilafu. Skrini ilihesabu mbao, haikuhesabu kilichomo ndani yake. Ubao wa mama huyu ulikuwa kalenda nzima ya viazi mviringo, kuanzia kuandaa shamba Oktoba, mvua zinapoanza Novemba, hadi kuvuna na kuhifadhi. Vikaratasi vyake 47 vilikuwepo vyote, na rangi zake na maandishi yake. Lakini kikaratasi cha "mvua mfululizo siku tatu" hakikuwa tena na mshale wa kwenda "piga dawa ya ukungu", na mshale ule ndio uliokuwa somo lenyewe.

Wengi tulijikuta tunahama bila kupenda Google ilipoifunga Jamboard, programu yake ya mbao. Ilitangaza Septemba 2023, ikabakiza kutazama tu bila kuhariri kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, na tarehe 31 Desemba 2024 ikafunga. Wengine wanahama kwa sababu ya bei, wengine kwa kuwa ofisi imebadili mfumo wake wote. Matatizo yanayojitokeza yanafanana. Nimeyapanga hapa kwa jinsi mtu anavyoyaona kwenye skrini, kisha nasema yanatoka wapi na yanatibiwaje. Ninaposema mbao nazungumzia mbao nyeupe za kwenye kompyuta, si mbao za Mafinga, na vikaratasi ni vile vya rangi vya kubandika.

Daftari kabla ya yote

Huwezi kujua kilichopotea kama hukuandika kilichokuwepo. Kabla ya kugusa chochote, fungua jedwali la kawaida na kila ubao uupe mstari wake: namba ya utambulisho ya zamani, jina, mwenye ubao, halafu idadi ya vikaratasi, mishale, picha, fremu (visanduku vya kugawa ubao sehemu sehemu) na maoni. Acha safu tupu kwa ajili ya namba mpya na hesabu mpya.

Hesabu hizi usizifanye kwa macho. Programu nyingi za mbao zina API, yaani mlango ambao programu moja huzungumza na nyingine bila mtu kubofya, na skripti fupi, yaani programu ndogo unayoiandika mwenyewe, inaweza kupita ubao mmoja mmoja ikihesabu kwa aina. Mbao 186 nilizihesabu kwa muda wa kunywa chai. Uhamishaji wangu wa kwanza niliufanya bila daftari hili, na nilitumia siku nne kujibu swali la "hivi mwanzo zilikuwa ngapi?" Ukiwa nalo, matatizo mengi yaliyoelezwa hapa chini utayaona kama tofauti kati ya safu mbili, kabla mtu hajakupigia simu.

Ubao haupo kabisa

Anza na orodha uliyopewa na programu ya zamani. Kama jumla yake ni namba iliyokaa sawasawa, 20 au 50 au 100, simama hapo hapo. API haitoi orodha yote kwa pamoja, hukupa ukurasa mmoja na kukuonyesha pa kuendelea. Miro, kwa mfano, ambayo ni moja ya programu za mbao, haitoi zaidi ya mbao 50 kwa ombi moja. Skripti isiyoomba ukurasa wa pili itamaliza kazi kwa furaha na haitalalamika popote, kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa lililotokea.

Kama orodha imekamilika na bado ubao haumo, chanzo huwa ni ruhusa. Akaunti unayotumia kuhamisha huona tu kile ilichoruhusiwa kuona, na mbao nyingi zilizo muhimu ni za mtu binafsi: alizianzisha mwenyewe kwa akaunti yake, akaigawa linki, watu wakafanyia kazi humo miaka miwili. Ukiwa admini haimaanishi kwamba unaziona. Dawa yake si ya kiufundi. Pita kwa watu, waulize wana mbao zipi, waombe wakuongeze au wahamishe umiliki. Mimi huanzia kwenye magrupu ya WhatsApp ya idara, natafuta neno la kwanza la anwani ya programu ya zamani, na kila linki inayotoka naikagua kama imo daftarini. Mara zote nimepata mbao ambazo hakuna aliyezitaja kwenye kikao.

Wanaotumia Microsoft Whiteboard wawe waangalifu zaidi na watumishi walioondoka. Huko ubao mpya hukaa ndani ya OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni, ya aliyeuanzisha. Akaunti ikifutwa, OneDrive yake hubaki kwa muda uliowekwa na ofisi, na kama hakuna aliyeubadilisha ni siku 30, kisha inafuata njia hiyo hiyo. Mwalimu aliyehamishiwa Songea mwezi uliopita anaweza kuwa ameondoka na mitaala ya idara nzima bila yeye mwenyewe kujua.

Kuna chanzo kingine ambacho huku kwetu hakikosekani, nacho ni mkwaju wa msimu, yaani alama hii: /. Sisi msimu wa kilimo tunauandika "2023/2024", kwa kuwa mvua zinaanza mwaka mmoja na kuisha mwaka mwingine. Ubao ukiitwa "Mpango wa mahindi 2023/2024" na skripti yako ikatumia jina hilo kama jina la faili, kompyuta inauona ule mkwaju kama mpaka wa folda. Ama itagoma, ama itatengeneza folda iitwayo "Mpango wa mahindi 2023" na ndani yake faili liitwalo "2024". Halafu inakuja "Mpango wa mahindi 2024/2025", na wewe unatafuta mbao zako usizione. Badilisha mkwaju kuwa kistari kwenye jina la faili tu, jina halisi libaki daftarini. Na usitumie jina peke yake kamwe: mbao kumi zisizo na jina zitaandikana moja juu ya nyingine hadi ibaki moja. Tanguliza namba ya utambulisho, jina lifuate.

Ubao upo, ila nusu

Hapa kurasa zinarudi tena, safari hii ndani ya ubao. Miro hutoa vitu 10 kwa ombi usipotaja idadi, na 50 ukitaja kiwango cha juu. Ubao uliokuwa na vikaratasi 47 ukifika na vitu 10 tu, huna haja ya kutafuta mbali.

Kama vinavyokosekana ni vitu 20, au 40, vilivyokaa pamoja kama vile mtu amevikata kwa mkasi, angalia upande wa kuandika. Miro inakubali kuunda hadi vitu 20 kwa ombi moja, na ombi hilo ni la pamoja: kimoja kikikataliwa, vyote vinakataliwa. Kwa hiyo kikaratasi kimoja chenye rangi isiyotambulika kinaweza kuzuia wenzake 19 wasio na kosa. Dawa ni kuifundisha skripti kwamba fungu likikataliwa, ilirudie kitu kimoja kimoja, na kile kilichogoma ikiandike kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu za zoezi, pamoja na sababu.

Zikikosekana picha pekee, swali ni muda gani ulipita kati ya kusoma ubao na kupakua picha zake. Anwani ya picha ambayo API hukupa mara nyingi ni ya muda mfupi. Ukisoma mbao zote leo ukaweka anwani tu, ukaja kupakua picha kesho, utakuta milango imefungwa. Pakua picha dakika ile ile unaposoma ubao wake, uiweke kwenye diski.

Na kuna vitu ambavyo API yenyewe haivijui. Itakuambia kipo kitu hapa lakini aina yake haitambuliki, au haitakiorodhesha kabisa. Michoro ya mkono, majedwali, video zilizopachikwa, kura zilizopigwa, hivi ndivyo vinavyosumbua. Viandike daftarini kama safu ya peke yake, na uwaambie wenye mbao kabla ya kuhama.

Mishale imekatika

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mbao nyingi zinapokufa zikiwa zinaonekana nzima.

Kwenye ubao, mshale haushiki mahali. Unashika kitu. Ukifungua faili la Excalidraw, programu nyingine ya mbao, kwa programu yoyote ya maandishi utaliona jambo hili kwa macho yako, kwa kuwa faili lenyewe ni maandishi matupu: kila kitu kina namba yake ya utambulisho, na mshale umeandikiwa "mwanzo wangu ni kitu namba fulani, mwisho wangu ni kitu namba fulani". Ndiyo maana ukivuta kikaratasi mshale unakifuata.

Sasa unapohamisha, programu mpya haichukui namba za zamani. Inatoa zake. Kikaratasi cha "mvua mfululizo" kilichokuwa na namba moja huko, huku kimepewa nyingine kabisa. Mshale unaposema "nishike kwa namba ile", namba ile haipo. Programu moja itaukataa mshale, nyingine itauweka ukielea hewani bila kushika chochote. Huu wa pili ni mbaya zaidi, maana ukiutazama upo, na hesabu inasoma sawa, hadi siku mtu avute kikaratasi.

Dawa yake ni kwenda kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza unda vitu vyote visivyo mishale, na kila kinapoundwa andika pembeni namba ya zamani na namba mpya. Awamu ya pili rudi kwenye mishale, chukua namba za zamani za ncha zake, zitafute kwenye orodha hiyo, kisha unda mshale kwa namba mpya. Usichanganye awamu hizi hata kama ubao ni mdogo. Mimi nilichanganya: skripti yangu iliunda vitu kwa mpangilio ule ule iliovisoma, mshale wa kwanza ukatangulia mbele ya kikaratasi chake, na ombi likakataliwa. Kosa likaandikwa kwenye logi ambayo sikuisoma, kwa kuwa nilikuwa nimeamini ule mstari wa mwisho uliosema zoezi limekamilika.

Baada ya hapo kuna mishale itakayokosa ncha kihalali: iliyoshika picha iliyokataliwa, iliyoshika kundi la vitu badala ya kitu kimoja, iliyoshika kitu ambacho API haikijui. Hiyo usiitupe kimya kimya. Weka kikaratasi chekundu mahali ncha ilipokuwa, kiandikwe "mshale kutoka hapa kwenda pale". Mwenye ubao ataunganisha mwenyewe kwa nusu dakika, ila kwanza ajue kwamba kuna cha kuunganisha.

Kuhakiki, usihesabu mishale tu. Hesabu mishale yenye ncha mbili zilizoshika. Kisha fungua ubao mmoja kati ya kila kumi, vuta kikaratasi kimoja, uone kama mshale unafuata. Rudisha kikaratasi mahali pake.

Vitu vimerundikana au vimesogea

Programu hazikubaliani juu ya maana ya "mahali". Kwenye Excalidraw, mahali pa kitu ni kona yake ya juu kushoto. Kwenye Miro ni katikati yake. Chukua kisanduku chenye kona kwenye 400 na 300, upana 200, kimo 100. Ukipeleka namba hizo kama zilivyo, Miro itaweka katikati ya kisanduku pale, na kitakuwa kimesogea hatua 100 kushoto na 50 juu. Sahihi ni 500 na 350: unaongeza nusu ya upana na nusu ya kimo. Dalili yake hutambulika haraka, kwa kuwa vitu vikubwa husogea sana na vidogo husogea kidogo, kwa hiyo ubao unakuwa kama nyumba baada ya tetemeko. Kama vyote vimesogea kwa kiasi kimoja, hilo si tatizo hili.

Ubao ukiwa na fremu, mambo yanaongezeka. Kwenye Miro, kitu kilicho ndani ya fremu hupimwa kuanzia kona ya juu kushoto ya fremu yake, si kuanzia katikati ya ubao. Ukilisahau hilo unapotoka Miro, vitu vya fremu zote vinakwenda kurundikana sehemu moja. Unda fremu kwanza, kisha vilivyomo, na unapoingia Miro toa kona hiyo ya fremu kwenye mahali pa kitu; unapotoka, iongeze.

Vikaratasi vikiwa havionekani ingawa hesabu inasema vipo, vuta pembeni kile kisanduku kikubwa cha rangi. Huenda vimejificha chini yake. Vilivyoundwa mwisho hukaa juu, hivyo panga vikubwa vya nyuma vitangulie.

Ng'ombe amekuwa "ngâ€™ombe"

Kiswahili kinatudanganya kwamba herufi zake hazina matatizo, kwa kuwa hatuna alama juu ya irabu. Tunasahau ng'. Baadhi ya simu zikiandika ng'ombe au ng'oa zinaweka ile alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, na iliyopinda inahifadhiwa kwa baiti tatu za UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Ukitoa vikaratasi kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, ukalifungua kwa Excel kwa kubofya mara mbili, Excel inaweza kulisoma kwa mfumo mwingine wa herufi, na zile baiti tatu zinakuwa alama tatu za ajabu. Ukishalihifadhi hivyo, umeharibu. Faili la awali lilikuwa salama, kwa hiyo usilifungue kwa kubofya. Ingia Excel kwanza, nenda kwenye sehemu ya kuleta data kutoka faili la maandishi, chagua UTF-8.

Pale pale chagua pia safu zote zisomwe kama maandishi. Bila hivyo namba ya simu ya mkulima inayoanza na 07 itapoteza sifuri ya mbele. Kikaratasi kilichoandikwa "1/2" tu, kwa maana ya nusu mfuko, kitageuka kuwa tarehe. Na kile kilichoanza na kistari, "-mbegu bora", kitasomwa kama hesabu na kutoa kosa. Maoni yangu ni kwamba Excel isiwe njiani kabisa kati ya programu ya zamani na mpya. Itumie kwa daftari, maandishi yapite kwa skripti.

Saa nazo ziangaliwe. API hutoa muda kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Ubao uliohaririwa usiku wa saa saba tarehe 2 utaandikwa tarehe 1. Kama unachuja "mbao zilizotumika tangu tarehe fulani", anza siku moja nyuma.

Ubao umekuja kama picha

Unabofya kikaratasi, ubao mzima unachaguliwa. Kilichohamishwa ni PDF au picha, si ubao. Hili liliwapata wengi waliochelewa na Jamboard wakabaki na PDF mkononi. Ukiwa na faili halisi la programu ya zamani, rudi kwalo, uangalie kama programu mpya inalisoma moja kwa moja.

Ukiwa na PDF peke yake, jaribu kwanza kuchagua maandishi kwa kipanya. Yakikubali, yanakili. Yasipokubali, kuna Tesseract, programu huria ya kusoma maandishi kwenye picha, ambayo ina data ya Kiswahili kwa alama "swa". Inasoma maandishi ya kompyuta vizuri, mwandiko wa mkono inashindwa. Kwa Jamboard ubao mmoja haukuzidi fremu 20, ambazo huko zilikuwa kurasa, na ukiwa na mbao chache zenye thamani, kuandika upya kwa mkono kunakuwa haraka kuliko kusahihisha makosa ya mashine. Kaeni wawili, mmoja asome, mwingine aandike.

Zoezi linakwama katikati

Soma namba ya kosa. 401 ni kwamba tokeni yako, yaani ufunguo wa kuingilia kwenye API, imekwisha muda. Tokeni za Miro zenye ukomo hudumu saa moja, hivyo zoezi la saa tatu lazima lijue kuomba mpya. 403 ni kwamba tokeni ni nzima lakini haikupewa ruhusa hiyo, na kusubiri hakutasaidia. 404 kwa ubao unaojua upo maana yake mara nyingi ni kwamba wewe hukaribishwi humo. 429 ni kwamba unaomba haraka mno.

Hili la 429 ndilo la mkupuo hasa. Miro hupima kwa pointi 100,000 kwa dakika. Ombi jepesi kabisa hula pointi 50, zito kabisa 2,000. Ina maana unaweza kufanya mepesi 2,000 kwa dakika au mazito 50. Ukikataliwa usirudie papo hapo, kwani unajiongezea deni. Subiri sekunde moja, kisha mbili, kisha nne, kisha nane, na kama jibu limetaja muda wa kusubiri, fuata huo.

Halafu kuna umeme na bando. Usiendeshe zoezi kutoka kwenye kompyuta ya mapajani. Ubao wenye picha 30 za simu za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 120 kushuka na 120 kupanda, yote kwenye bando lako. Kodi seva ndogo mtandaoni kwa siku mbili, endesha humo ndani ya tmux au screen, programu zinazoiacha kazi iendelee hata wewe ukikatika, na data ipite huko huko. Umeme ukikatika Uyole, seva haijui. Ukirudi unaunganisha tena, unakuta kazi imefika mbali.

Lakini hata seva husimama, na hapo unakuja ugonjwa wa mbao pacha. Mtu anaanzisha upya skripti tangu mwanzo, na kila ubao uliokuwa umehama unahama mara ya pili. Watu wanaingia kwenye nakala tofauti, wanahariri zote mbili, na sasa huwezi kufuta yoyote. Skripti iandike daftarini kila ubao unapokamilika, na kabla ya kuanza ubao iangalie kama tayari una namba mpya. Ubao ulioishia katikati ufutwe kule kupya na kuanzwa upya, usiendelezwe.

Rangi

Fupi tu. Vikaratasi vya Miro vina rangi 16 zenye majina, huwezi kutia rangi yoyote unayotaka. Rangi mbili za zamani zikiangukia moja mpya, maana imepotea, kwa sababu watu hutumia rangi kusema jambo: njano ni kauli ya mkulima, kijani ni ushauri wa bwana shamba. Kabla ya kuhama, uliza rangi zinamaanisha nini, kisha panga jedwali la rangi kwa maana yake, si kwa ukaribu wake.

"Mbona kwangu haufunguki?"

Ubao umehama, watu wamebaki. Linki ya zamani iko kwenye grupu la WhatsApp, kwenye barua pepe, na mahali pengine imechapwa kama msimbo wa QR na kubandikwa ukutani. Tuma linki mpya kwa kila grupu, ukitaja jina la ubao, na ubao wa zamani uuache wa kutazama tu, ukiwa na kikaratasi kikubwa katikati chenye linki mpya. Usiufute kwa angalau msimu mmoja.

Kila kikaratasi kitaonekana kimeandikwa na akaunti iliyohamisha. Jina la mwandishi halihami. Mahali ambapo ni lazima lijulikane, kama kazi za wanafunzi zinazopewa alama, ongeza jina mwishoni mwa maandishi wakati wa kuhamisha. Maoni yaliyoandikwa pembeni yatoe kama faili la maandishi, liwekwe linki ndani ya ubao.

Ukiwa kwenye ruhusa, tazama pia nani hatakiwi kuona. Mbao za vikundi vya wakulima zina majina na namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa taarifa hizo, pamoja na kuzipeleka kwenye seva za nje ya nchi. Ubao uliokuwa wa watu watano usije ukafunguka kwa kila mwenye linki kwa sababu tu programu mpya imewekwa hivyo tangu kiwandani.

Kukagua na mwenye ubao

Uhamishaji huu panga wakati mbao zimelala. Kwa kazi za kilimo hapa Nyanda za Juu Kusini, Septemba na Oktoba kila mtu yuko kwenye mipango, usiguse. Januari na Februari watu wako kwenye palizi, mbao ziko kimya.

Niliporudia mishale ya mbao zote 186, nilimpigia tena yule mama wa Tukuyu, nikamwomba afungue ubao wake tukague pamoja. Daftari lilisema mishale 31, na 31 ilikuwa imeshika ncha zote mbili. Akawa anaisoma mmoja mmoja kwa sauti, nami naweka alama. Alipofika mwisho akanyamaza.

"Mmoja haupo. Ule wa kutoka kwenye kuvuna kurudi kwenye kuchagua mbegu."

Nikafungua ubao wa zamani. Ulikuwepo, mwekundu, umepinda kuzunguka ubao mzima.

"Ule niliuchora kwa kidole," akasema, "kwenye tableti, siku tuko shambani."

Kwa programu haukuwa mshale. Ulikuwa mchoro wa mkono, na sikuwa na safu ya michoro daftarini. Yeye akauchora upya hapo hapo, nikiwa bado kwenye simu. Mimi nikaongeza safu, nikaendesha hesabu tena kwenye mbao za zamani, na nikapata mbao 23 zenye michoro ya kidole. Nikaanza kuwapigia wenyewe.